Mapunye yasiyokuwa mapunye

Wete, usiku. Watoto wamelala.

Leo nimepata jina la kilichomo kichwani mwa binti yangu: soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaotoa mabaka yenye magamba. Mtaani kilishaitwa mapunye, mba, choa, na shangazi yake akaongeza husuda. Kila jina lilikuja na dawa yake. Kiwembe ndicho kilichonikera zaidi, maana kila akinyolewa, palipochubuka hutoka baka jipya. Daktari hakushangaa. Ugonjwa huu hupenda kuota pale ngozi ilipojeruhiwa, jambo alilolieleza Mjerumani Heinrich Koebner tangu 1872.

Mimi nilimuonesha kichwa. Yeye akataka vidole. Akazielekeza kucha kwenye mwanga wa dirisha, na kweli zina vijishimo kama subana ya mshona kofia. Kisha nyuma ya masikio, kitovuni, kwenye mikunjo ya kinena. Kwa watoto, alisema, mabaka hutoka hata usoni na kwenye kope, na huwa membamba, magamba yake machache kuliko ya watu wazima. Ndiyo maana hudhaniwa ni pumu ya ngozi. Na mapunye? Mapunye hukata nywele zikabaki vishina. Za mwanangu zimesimama vile vile, zimetokeza katikati ya magamba yaliyoshuka hadi kwenye paji.

Halafu rangi. Kila ninaposoma naambiwa "mabaka mekundu". Mwekundu nani hapa kwetu? Ya mwanangu ni ya zambarau iliyofifia, mengine kijivu, na yakipona huacha weusi au weupe unaokaa miezi. Nadhani watoto wetu wengi hupitwa kwa kuwa wanatafutiwa wekundu ambao ngozi yao haiuoneshi.

Akauliza kuhusu mafindofindo. Naam, aliugua koo, ndipo vitone vidogo vidogo vikamtapakaa kifuani na mgongoni. Kumbe vijidudu vya koo viitwavyo streptokoka huweza kuuamsha ugonjwa wiki mbili tatu baadaye. Ngozi yenyewe haina vijidudu hivyo. Kinga ya mwili ndiyo inayochemka, na seli za ngozi zinazochukua takriban mwezi kufika juu zikafika kwa siku chache tu, zikarundikana.

Hauambukizi. Hilo nitalipeleka chuoni kesho, maana mtoto amekuwa akikalishwa mkeka wa peke yake. Maalim ni mtu wa kusikia. Wazazi wenzangu ndio kazi.

Tumepewa dawa ya kupaka yenye steroidi, kwa muda mfupi na si zaidi ya alivyoandika. Mafuta ya nazi ya kulainishia magamba nimeruhusiwa (mama mkwe amefurahi). Ila akiamka anachechemea, au kidole kikivimba, nisingoje tarehe ya kliniki, kwani soriasisi huweza kuingia hadi kwenye viungo.