Dhumna za Jumamosi

Jumamosi asubuhi natoka Tunguu na daladala hadi mjini, mkobani mna madaftari, penseli na boksi la dhumna. Nasomea ualimu wa hesabu SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na siku hiyo nasomesha vijana waliokinzana na sheria, kwenye nyumba wanayowekwa kesi zao zikiendelea. Majina yao siandiki, na nyumba yenyewe siitaji.

Kinachoniuma ni skuli. Kesi ikiahirishwa mtoto anasubiri, lakini darasa lake halimsubiri. Wenzake wameshamaliza hesabu za sehemu, wameingia asilimia, yeye yuko palepale alipokamatwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unataka kumfungia mtoto kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kabisa. Mimi muda huo siwezi kuufupisha, ila naweza kuuzuia usipite bure.

Dhumna wanazijua wote, maskani hazikosekani. Nikasimamisha kete moja: juu nukta mbili, chini tatu. Theluthi mbili. Nyengine: tatu juu, nne chini. Robo tatu. Ipi kubwa? Kijana mmoja ambaye siku zote hukaa nyuma akichorachora meza akasema, "Ticha, si sawasawa hizo? Zote imebakia moja tu kujaa."

Swali zuri mno! Sikumjibu. Nikampa penseli, tukatafuta asili ya pamoja, tukapata 12. Akaandika 8/12, chini yake 9/12, akazikodolea macho. "Aaa. Hapa iliyobakia ni theluthi, huku robo. Robo ndogo, basi huku pengo dogo." Hayo ya pengo sikumfundisha mimi. Nilipiga makofi hadi mlezi wa zamu akaja kuchungulia.

Walichofanya siwaulizi. Wapo wa kuwauliza: polisi, hakimu, ustawi wa jamii. Mtoto anahitaji walau saa mbili ambazo anaulizwa hesabu tu.

Mwanafunzi mwenzangu unayetaka kuja, anzia kwa maafisa ustawi wa jamii upate ruhusa. Simu na picha hapana. Na ukiwaahidi Jumamosi, njoo Jumamosi, maana wageni wa siku moja wenye zawadi wameshawaona wengi, na bado huwauliza watarudi lini. Sasa tunaingia asilimia. Wawili wanasoma kwa kuunga herufi, hata swali la hesabu linawashinda kabla hawajalifikia, kwa hiyo namtafuta mtu wa Kiswahili.