Filamu za katuni ninazozirudia nyumbani

Kati ya filamu zote za katuni ninazopenda kuziangalia nyumbani, hakuna ninayoirudia mara nyingi kama My Neighbor Totoro, iliyotengenezwa Japani na Hayao Miyazaki mwaka 1988, inayosimulia habari za Satsuki na Mei, ndugu wawili wanaohamia kijijini na baba yao wakati mama yao amelazwa hospitalini. Haina adui wala vita, na ndiyo maana naipenda. Sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya kituo cha basi usiku: Satsuki amembeba mdogo wake mgongoni, mvua inanyesha, na Totoro, kiumbe mkubwa wa msituni mwenye manyoya, ambaye amejikinga kwa jani tu kichwani, anapewa mwavuli, matone yanapougonga anashangaa, kisha anaruka na kutua kwa kishindo hadi miti inamwaga maji yake yote kwa mkupuo.

The Lion King ya mwaka 1994 nayo naipenda, kwani majina ya Simba na Rafiki hayahitaji kufafanuliwa kwetu. Hata hivyo, watoto wakiniachia nichague, huanza na Totoro, na tukifika pale kituoni hakuna hata mmoja anayezungumza.