Mlezi wa Binti Yetu Yorkshire

Jumapili usiku, Julai 2025

Leo alasiri tumesaini mkataba wa mlezi wa binti yetu, anayekwenda kusoma shule ya bweni Yorkshire, Uingereza. Kabla ya kuwasilisha maombi yake ya viza kumebaki cheti cha kipimo cha kifua kikuu, ambacho Uingereza hukitaka kwa mwombaji anayetoka Tanzania na kukusudia kukaa huko zaidi ya miezi sita, pamoja na barua yetu ya idhini kama wazazi. Hayo ni mambo ya foleni na mihuri. Suala la mlezi ndilo lililotukalisha sebuleni hadi usiku wa manane, na lililowagusa ndugu wa pande zote mbili.

Ndugu wengi wameniuliza mtoto wa bweni anahitaji mlezi wa nini, ilhali shuleni kuna matroni, muuguzi na walimu wanaolala naye jengo moja. Jibu ni kwamba mabweni hufungwa. Mwaka wa shule una mihula mitatu, na kila muhula hukatwa katikati na likizo fupi, mwezi Oktoba, Februari na mwishoni mwa Mei, mbali na zile wikendi ambazo wanafunzi wote hutakiwa kuondoka. Kumrudisha Dar es Salaam kila mara, kwa ndege ya kupitia Doha au Addis Ababa, hatuna uwezo huo. Tena kuna yasiyopangwa, kama mtoto kuugua au kusimamishwa masomo. Machi 2020, shule za Uingereza zilipofungwa kwa sababu ya korona huku safari za ndege zikikatika moja baada ya nyingine, wanafunzi wa kigeni walihitaji nyumba ya kwenda mara moja. Ndiyo maana shule nyingi hudai jina la mlezi anayeishi huko huko kabla mtoto hajapokewa.

Jina la kwanza kutajwa, na kila mtu, lilikuwa la mdogo wangu anayeishi Leicester. Ni binti wa mama yangu mkubwa, tumelelewa nyumba moja Tanga, na kwa binti yangu yeye ni mama mdogo bila maelezo zaidi. Sheria ya Uingereza ina hesabu yake. Mtoto aliye chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye mzazi wala ndugu wa karibu, halmashauri ya eneo hilo lazima ijulishwe, nayo humtuma ofisa kuikagua nyumba. Ndugu wa karibu ni babu na bibi, kaka na dada, mjomba, shangazi na ndugu wengine wa tumbo moja na mzazi, pamoja na mzazi wa kambo. Binti wa mama mkubwa hayumo.

Baba mkwe aliposikia hayo aliona ni dharau kwa ukoo. Mimi nilikuwa nimesoma habari za Victoria Climbié, mtoto wa miaka minane kutoka Côte d'Ivoire, ambaye wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake wakiamini anakwenda Ulaya kupata elimu bora. Alifariki London Februari 2000 kwa mateso aliyoyapata mikononi mwa shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ulionyesha jinsi maofisa walivyokosa nafasi baada ya nafasi za kumwokoa, na sheria ya watoto ya mwaka 2004 ikakaza utaratibu wa kuzijulisha halmashauri. Simhofii mdogo wangu hata chembe, lakini siwezi kukasirika ninapoulizwa maswali ambayo hakuna aliyeuliza kwa niaba ya mtoto yule.

Kwa likizo fupi, siku 28 zisingefika. Kilichoamua jambo hili ni simu tuliyompigia mdogo wangu. Nilipomwomba, alinijibu kama nilivyotarajia: "Dada, mtoto ni wetu, unaniuliza nini?" Jibu la upendo, nami sikuona pa kuendelea. Baba yake mtoto ndiye aliyemuuliza shule ikimpigia saa nane usiku, yeye akiwa zamu hospitalini, nani atapokea. Akacheka, kisha akanyamaza kidogo. "Shemeji, kusema kweli, zamuni simu huwa kabatini." Ndugu wa namna yake hawezi kukataa, na kwa hiyo ni juu yetu tunaoomba kuangalia ombi letu linambebesha nini.

Tukachagua wakala wa walezi uliothibitishwa na AEGIS, chama kilichoanzishwa mwaka 1994 ambacho hukagua kampuni za kazi hii. Watu wazima wa familia zinazopokea watoto huchunguzwa rekodi za uhalifu, na nyumba zao hutembelewa. Mama mkwe aliuliza kama tunamkabidhi mjukuu wake kampuni. Nilimweleza kwamba kisheria mamlaka ya mzazi yanabaki kwetu. Mlezi anatenda kwa idhini tuliyoiandika, ikiwamo ruhusa ya matibabu ya dharura endapo hatupatikani. Aliitikia, ingawa sidhani kama ameridhika.

Mratibu wa wakala huo nilimpima kwa swali moja: mtoto na familia wasipopatana, nini hufanyika? Alieleza bila kupepesa kwamba hilo hutokea, na kwamba huwa na nyumba ya akiba. Angeniambia halitokei, tungeachana naye. Ramadhani ijayo inatarajiwa kuanza karibu na Februari 18, yaani katika wiki ya likizo fupi, na familia tuliyopangiwa si Waislamu. Wao ndio waliotutangulia kuuliza daku huliwa saa ngapi, na wapi pa kununua nyama halali karibu nao.

Binti yetu mwenyewe alikuwa na maswali mawili: Idi ataila wapi, na nani atamsuka. La pili lilimshinda mratibu kabisa. Kwa hiyo tumeiandikia shule kwamba mama mdogo ni mtu anayeruhusiwa kumchukua, mradi mlezi ajulishwe mapema na safari ipangwe kwa maandishi. Mdogo wangu ameshabadilishana zamu na mwenzake kwa siku mbili za mwishoni mwa Oktoba. Mlezi atampandisha mtoto treni ya Leicester, na rasta nimeagizwa nizitume kutoka Kariakoo, kwa sababu za kule, anasema, ni ghali mno.