Hina ya kijani, hina nyeusi na mvi zangu

Mvi zangu za kwanza ziliota mbele kabisa, juu kidogo ya paji la uso, mahali ambapo mtandio ukiteleza hata kidogo huonekana na kila mtu. Nilikuwa na umri wa miaka 34. Nilifanya kile ambacho wanawake wengi wa mjini hukifanya: niliingia katika duka la vipodozi, nikanunua kipakiti kilichoandikwa kuwa ni hina nyeusi ya asili, chenye picha ya majani mabichi, nikajipaka jioni ile ile na kuosha baada ya nusu saa. Nywele zilitoka nyeusi ti. Usiku wa siku ya pili ngozi ya kichwa ilianza kuwasha, na alfajiri ya siku ya tatu uso wangu ulikuwa umevimba kiasi kwamba jicho la kushoto halikufunguka. Daktari wa ngozi aliyenitibu aliniuliza swali moja kabla ya kuandika dawa, nalo ni kwamba rangi ile ilichukua muda gani kukolea. Nilipomjibu kuwa ilichukua dakika 30, alisema kwamba hina haijawahi kuwa na haraka ya namna hiyo.

Ninaandika haya kwa sababu ya swali lile, kwani linatenganisha vitu viwili ambavyo leo vinauzwa kwa jina moja. Watu wazima wa kwetu Pemba hawakuvichanganya. Kwao hina ilikuwa hina, yaani majani ya mhina uliopandwa uani, na piko ilikuwa piko, ile nyeusi ya kuchorea maua kwenye mikono na miguu ya bibi harusi. Piko inayouzwa madukani siku hizi kwa kawaida ni unga wa kutia nywele rangi, na kinachoufanya uwe mweusi ni kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo wataalamu huifupisha kuwa PPD. Aliyekipa kipakiti changu jina la hina nyeusi aliazima heshima ya mti kuuzia kitu kingine. Hakuna jani la mhina litoalo rangi nyeusi.

Rangi ya mhina hutokana na lawsoni, kiungo ambacho huwa kama asilimia 1 tu ya uzito wa jani kavu, na ambacho jina lake limetokana na jina la kisayansi la mti wenyewe, Lawsonia inermis. Lawsoni hupenya taratibu ndani ya unywele na kushikana na keratini, ile protini inayojenga nywele na kucha. Kwa sababu hiyo hina haioshwi ikatoka, na kwa sababu hiyo hiyo haikolei kwa nusu saa. PPD nayo hufanya kazi kwa njia nyingine: huingia ikiwa haina rangi, kisha hugeuka nyeusi inapokutana na hewa au na dawa ya kuiamsha. Umoja wa Ulaya unairuhusu katika rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapopakwa, lakini hauruhusu ipakwe kwenye ngozi kwa ajili ya michoro. Kipakiti changu hakikutaja kiwango chochote. Mwili ukishaikataa PPD mara moja huikataa maisha yote, na kila mara huweza kuikataa kwa ukali zaidi. Ndiyo maana leo, ninapokwenda kung'oa jino, humweleza daktari habari hii kabla hajanichoma sindano, kwa kuwa baadhi ya dawa za ganzi zina undugu na kemikali hiyo.

Uvimbe ulipokwisha nilikwenda kwa shangazi yangu, ambaye ana zaidi ya miaka 70 na nywele zake zina rangi ya shaba. Nilimweleza yaliyonipata. Alicheka kwanza, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe ulitaka kufika kabla hujaondoka." Baada ya hapo alinifundisha kuanzia mwanzo, nami ninayaeleza mafunzo yake pamoja na mambo machache niliyoyarekebisha mwenyewe baadaye.

Kwanza ni unga. Hina mbichi iliyopondwa kinuni hufaa kwa viganja na nyayo, lakini kwa nywele shangazi hupendelea majani yaliyokaushwa kivulini, yakasagwa na kuchungwa kwa kitambaa chepesi mpaka unga uwe laini kama poda, kwa sababu vijiti vikibaki, utakuwa unavitoa kichwani kwa siku tatu. Asiye na mti hununua unga uliotoka India, ambako eneo la Sojat huko Rajasthan limejulikana kwa mashamba ya mihina, au ule wa Yemen. Unga mzuri una rangi ya kijani kibichi kilichofifia na unanuka kama nyasi kavu. Ukiwa na rangi ya kahawia umezeeka, na ukinuka dawa usiutie kichwani. Orodha ya vilivyomo iwe na jina moja tu, la mhina. Kwa nywele zinazofika mabegani gramu 200 zinatosha, na kwa nywele fupi nusu yake.

Kisha ni kuukoroga. Unga hutiwa katika bakuli la udongo au la plastiki na kuchanganywa na kitu chenye uchachu kidogo. Shangazi hutumia maji ya ndimu, lakini ndimu tupu ilinichoma kichwa, ambacho wakati huo kilikuwa bado kidonda, kwa hiyo mimi hutumia maji ya ukwaju yaliyozimuliwa, au chai ya rangi iliyopoa yenye matone machache ya ndimu. Uji uwe mzito kama mtindi, ufunikwe, uachwe. Kwa joto la Dar es Salaam saa tatu au nne zinatosha. Katika nchi za baridi watu huulaza usiku kucha. Hakuna haja ya kukisia: weka tone kwenye kiganja, lifute baada ya dakika tano, na likiacha doa la rangi ya chungwa, hina iko tayari. Wapo wanaotia yai, eti kulainisha nywele. Mimi nimeacha, maana hina hutafuta protini ya kushikana nayo, na sioni sababu ya kuipa ya yai wakati ninataka iende kwenye unywele.

Nywele huoshwa siku ile na kuachwa bila mafuta. Zikigawanywa mafungu madogo, kama mtu anayejiandaa kusuka, hina hupakwa kuanzia kwenye shina hadi ncha, kichwa kikafungwa, na kazi nyingine za nyumbani zikaendelea kwa saa tatu. Zamani tulifunga mfuko wa rambo. Tangu mifuko ile ilipopigwa marufuku Bara tarehe 1 Juni 2019, mimi hutumia kofia ya kuogea, ambayo kwa kweli inakaa vizuri zaidi. Kuosha kunahitaji maji mengi na subira zaidi ya kupaka.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Asubuhi ya kwanza mvi zangu zilikuwa na rangi ya karoti. Nusura nijifungie ndani. Shangazi aliniambia kwa simu kwamba nisubiri siku tatu, na ni kweli, kwa kuwa lawsoni huendelea kugeuka inapokutana na hewa, na kufikia siku ya tatu rangi ile ilikuwa imezama ikawa ya udongo mwekundu. Nywele zangu nyeusi hazikubadilika, ila zikipigwa na jua huonyesha wekundu kwa mbali. Hina huongeza rangi juu ya rangi iliyopo, haiondoi weusi. Anayetaka nywele nyeusi zigeuke nyekundu kwa hina atasubiri sana.

Kwa anayetaka weusi bila PPD ipo nili, yaani majani makavu ya mnili, ambayo hupakwa baada ya hina. Haiachwi kwa saa nyingi wala haipendi ndimu: huchanganywa na maji ya uvuguvugu, ikasubiri kama robo saa na kupakwa mara moja. Hina peke yake hutoa wekundu, nili juu ya hina hutoa weusi, na zikichanganywa pamoja wakati wa kupaka hutoa rangi ya kahawia. (Isidhaniwe kuwa ninasema juu ya buluu ya kufulia nguo nyeupe, niliwahi kuulizwa.) Mimi nilijaribu mara mbili nikaacha, si kwa ubaya wake bali kwa sababu nimeizoea shaba.

Hasara ya hina niliyoiona ni ukavu. Nywele zetu za kipilipili ni kavu kwa asili, na hina huziongezea ukakamavu, kwa hiyo baada ya kuosha ninarudisha unyevu. Uwatu uliolowekwa usiku mmoja na kusagwa hutoa ute unaoteleza vizuri na kurahisisha kuchana, ingawa harufu yake hubaki kichwani na mume wangu hudai kuwa nyumba nzima inanuka mchuzi. Mafuta ya nazi nimejifunza kuyapaka kabla ya kuosha, si baada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na yale yatokanayo na petroli, ukaonyesha kwamba ya nazi ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, kwa kuwa yana uwezo wa kupenya ndani ya unywele. Bibi zetu waliokamua tui na kulichemsha hadi likatoa mafuta hawakuhitaji kuambiwa hilo.

Kwa mba, hata hivyo, walikosea, au angalau bibi yangu alikosea. Alinipaka mafuta kila mba ilipozidi, nayo ikazidi zaidi, kwa maana kuvu wanaohusishwa na mba hula mafuta yaliyo kwenye ngozi ya kichwa. Kilichonisaidia zaidi ni kuosha mara kwa mara, na siku ambazo sitaki shampuu hutumia unga wa majani ya mkunazi, ambao ukikorogwa hutoa povu la kiasi. Mshubiri nao hutuliza, mradi jani lililokatwa lisimamishwe kwanza utomvu wa njano uchuruzike, kwani huo huwasha.

Watoto wachanga siwapaki hina, hata siku ya Idi. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo ngeni katika nchi zenye malaria, na hina iliyopakwa kwenye ngozi yao imewahi kuvunja chembe nyekundu za damu na kuwaletea manjano ya hatari. Shangazi alipolisikia hilo alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba huenda sasa ameelewa jambo fulani la zamani. Hakulitaja, nami sikumuuliza.

Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo kila baada ya wiki sita hurudia kwenye mashina tu. Mwaka jana shangazi alinipa tawi la mhina wake nikalipanda kwenye ndoo barazani. Limefika kiunoni sasa, lakini nilipoponda majani yake na kujaribu kiganjani, doa lilikuwa hafifu mno. Ananiambia nisiliguse mpaka mvua za masika zipite mara mbili.