Kukausha majani ya bustanini kwenye hewa ya pwani

Mchaichai, mrehani, nanaa na mlonge tunaokausha majumbani huku pwani kwa kawaida huharibikia ndani ya chupa. Kwenye ungo jani linaonekana kavu na ukilishika linachakarisha, kwa hiyo linafungiwa. Kumbe kikonyo bado kina maji. Siku chache baadaye maji hayo yametambaa kurudi kwenye jani, na kifuniko kikifunguliwa harufu inayotoka ni ya nguo iliyofungiwa mbichi.

Kabla ya kukata chochote, tazama kibakuli cha chumvi jikoni. Chumvi safi huanza kulowa unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 (ile ya mawe hulowa mapema zaidi, hivyo tumia ya unga). Chumvi ikiwa imeshikamana na kutoa maji, hewa hiyo haiwezi kulikausha jani hadi kiwango cha kuhifadhiwa, hata likae kivulini mwezi mzima. Ndiyo sababu kukausha kwa kivuli peke yake wakati wa masika ni kazi bure. Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unapovuma na mvua zimepungua, ndio msimu wake.

Kuvuna kuanze saa tatu au saa nne asubuhi, umande umeshakauka na jua halijawa kali. Mrehani hukatwa vichwa vya maua vinapoanza kuchomoza, kabla havijafunguka, na shinani uachiwe jozi mbili tatu za majani ili uchipue tena. Nanaa ni vivyo hivyo. Mchaichai huvunwa kwa mara ya kwanza ukiwa na miezi minne hadi sita. Kata sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, maana ukishuka zaidi unakata mahali unapochipukia. Vaa glovu, kingo za jani lake zinachana. Mlonge ndio wenye haraka kuliko wote: ukishakata matawi, pukuchua vijani siku hiyohiyo. Ukiyarundika au kuyatia kwenye mfuko wa plastiki, lundo linapata joto na majani yanaanza kuwa manjano kabla hayajafika kwenye wavu.

Mlonge uoshwe kwa maji ya chumvi, gramu 10 kwa lita moja, dakika tatu hadi tano, kisha usuuzwe na kuchujwa vizuri. Mrehani tusiuoshe baada ya kuuvuna. Unyunyizie maji jioni ya siku iliyotangulia, vumbi litoke ukiwa bado shinani. Jani la mrehani likilowa baada ya kukatwa huchelewa kukauka, na likichelewa huwa jeusi. Huwa jeusi pia likipondwa au kukatwakatwa, kwa hiyo lichume zima. Mchaichai ni kinyume chake. Jani lake lina nta juu na likiachwa zima halitoi maji upesi, basi likate kwa mkasi vipande vya sentimita moja au mbili wakati bado bichi.

Kifaa kinachofaa ni fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, iliyowambwa chandarua na kuinuliwa ili hewa ipite chini na juu. Turubai na sakafu hazifai, upande wa chini hautapumua. Mlonge usizidi kilo moja kwa fremu moja. Nanaa waweza kuifunga mafungu ya vijiti vinane hadi kumi na kuyaning'iniza kichwa chini, ila funga kwa mpira, kwa sababu vijiti vikikauka vinasinyaa na kamba inaachia. Juu ya yote tandaza chandarua kingine cha kuzuia nzi na mchanga.

Weka kivulini. Jua la moja kwa moja humaliza rangi na vitamini A ya mlonge, na kwa majani ya harufu hufukuza mafuta ambayo ndiyo yote unayoyatafuta. Mrehani, nanaa na mchaichai visipite nyuzi joto 40. Mlonge huvumilia hadi 50 hivi. Bati la paa mchana hupita hapo, kwa hiyo majani yanayoanikwa juu yake hutoka ya kahawia na hayana harufu. Feni ya kusimama inasaidia kuliko jua, ilimradi iupulize ukuta au ipite pembeni ya fremu, isiyapeperushe majani.

Jambo linalosahaulika sana ni usiku. Jani lililokauka vizuri saa tisa alasiri hunywa unyevu tena hadi alfajiri. Jioni ingiza fremu ndani na ufunge madirisha, na chupa zijazwe alasiri, kamwe si asubuhi. Katika kipupwe mlonge huchukua siku mbili hadi nne, mchaichai tatu hadi tano, mrehani na nanaa kama wiki.

Kujua kama majani yamekauka, vunja kikonyo: kikipinda, bado. Mizani ni bora zaidi. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa vijani vya mlonge ni maji, basi gramu 1,000 ulizopima kabla ya kuosha zinapaswa kushuka hadi karibu 240. Zikigoma kwenye 300, hewa imekwama. Zimalizie kwenye kikaushio cha sola chenye kifuniko cheusi, au kwenye oveni iliyowashwa kidogo kabisa na mlango ukiwa wazi.

Kipimo cha mwisho ni cha chupa. Jaza chupa ya kioo robo tatu, tumbukiza kipima unyevu kidogo cha duara, funga, uache usiku kucha. Kikisoma chini ya asilimia 60, majani ni salama. Kati ya 60 na 65, yatandaze tena alasiri moja. Zaidi ya hapo yarudi kwenye fremu. Vipima vya bei nafuu husema uongo, kwa hiyo kijaribu kwanza: weka chumvi kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipima ndani ya kopo kwa saa nane. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 80, toa tano katika kila kipimo chako.

Utasoma mahali pengi kwamba chupa ifunguliwe kila siku wiki ya kwanza ili majani yapumue. Ushauri huo unafaa penye hewa kavu. Huku kwetu kila ukifungua unakaribisha unyevu, basi kama kipima kimetulia, acha ilivyo.

Ukungu ukionekana, hata sehemu moja, mwaga chupa nzima. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haiondoki kwa kuanika upya wala kwa kuchemsha chai. Vitundu vidogo kama vya sindano kwenye jani ni kazi ya wadudu. Hao huzuilika kwa kuweka chupa iliyofungwa kwenye friza wiki moja kabla ya kuipanga kabatini. Ukiitoa, iache ikiwa imefungwa hadi kioo kipoteze ubaridi wote. Ukifungua mapema, hewa ya jikoni itageuka matone juu ya majani. Mlonge usagwe kidogokidogo, wa kutosha wiki mbili tatu tu, maana unga hupoteza rangi na harufu upesi kuliko jani zima.