Mlango wa IST yangu na kutu ya Mtwara

Guta lililobeba magunia ya korosho ndilo lililonikwaruzia mlango wa nyuma wa gari langu, Toyota IST, nje ya Soko Kuu la Mtwara, msimu wa korosho wa mwaka juzi. Mchubuko haukuzidi urefu wa kiganja, chini kabisa ya mlango, na kibonyeo cha kulaza kidole gumba. Kijana wa guta aliomba radhi mpaka nikamhurumia, nikamwacha aende zake. Fundi wa kwanza niliyemwendea alitaka 80,000. Mshahara ulishakwisha, nikanunua stika nyeusi, nikaibandika juu ya jeraha, nikaona nimemaliza.

Nilikosea, na wenzangu mnaokaa karibu na bahari nawaomba msirudie kosa langu. Huku Shangani, mtaa wa hapa Mtwara, chumvi inakuja na upepo, asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo cha gari unaiona. Bati likishavuliwa rangi halina kinga tena. Stika nayo haizibi: maji hupenya pembeni yakajificha chini yake, jua lisiyafikie. Mvua zilipokwisha, mwezi Mei, niliona vipele vimeota nje ya mpaka wa stika. Nikaibandua. Ikatoka na rangi ya gari, na bati la chini lilikuwa jekundu kama udongo, linabanduka magamba kila nilipopitisha ukucha.

Likizo ya Juni nikalipeleka kwa fundi bodi mmoja, mtu mzima, pale Magomeni ya hapahapa Mtwara. Hakuanza na mchubuko. Alilala chali, akachungulia ukingo wa chini wa mlango, kisha akaniita.

"Mwalimu, hebu inama uone. Matundu ya kutolea maji yamejaa mchanga yote."

Sikuwa najua kama mlango una matundu. Kumbe maji ya mvua yanayoteremka kwenye kioo huingia ndani ya mlango na kutokea chini kwa vitundu hivyo. Vikiziba, mlango unageuka mtungi. Kwa hiyo kutu ilikuwa inanila pande mbili, nje kwenye mchubuko na ndani kwenye maji yaliyotuama. Fundi alichomoa njiti ya chelewa kwenye ufagio, akachokonoa, maji meusi yakamtiririkia mpaka kwenye kandambili.

Nikamwambia, "Baba, nikisugua mwenyewe utanipunguzia?" Akakubali: mimi niandae, yeye apulize rangi, 35,000 bila vifaa.

Kusugua ndiko kazi yenyewe. Msasa namba 80, asubuhi nzima, mpaka bati likawa jeupe, na nikavuka vidole viwili ndani ya rangi nzima, maana kutu hutambaa chini ya rangi kabla haijaonekana. Vidoa vyeusi vilivyobaki kwenye vishimo nikavifuata na brashi ya waya. Jioni nilitaka kwenda nyumbani nije nimalizie kesho, akanikatalia kabisa. Bati tupu likilala usiku mmoja na unyevu wa bahari, asubuhi unalikuta limeshaanza kuwa kahawia. Nikafuta kwa thina, tukapaka praima, rangi ya msingi ya kukinga bati, siku ileile.

Kesho yake puti, ule ute mzito wa kujazia kibonyeo. Bonge la kwanza niliweka hadina nyingi, dawa ya kuigandisha, likakauka juu ya kibao kabla sijalifikisha mlangoni. Kwa joto letu, puti ya ukubwa wa limau inataka hadina ya ukubwa wa punje ya njegere, na uchanganye kidogokidogo. Ikishakauka, msasa uuzungushie kipande cha ubao, vidole vitupu vinachimba mabonde. Puti usiisugue kwa maji, inayanywa. Fundi alinifundisha kuweka kitambaa chembamba kati ya kiganja na bati, nifumbe macho, nipapase. Mara tatu nilidhani nimemaliza, na mara tatu kiganja kilikuta mwinuko ambao jicho halikuuona.

Namba ya rangi tuliisoma kwenye kibati cha gari: 1F7, fedha. Dukani wakachanganya robo lita. Rangi ya fedha usijaribu kuipaka kwa brashi, chembe zake zinalala ovyo na kiraka kinaonekana toka mbali. Alipuliza kwa kompresa, tabaka tatu nyembamba kisha mbili za klia, ile ya juu inayoonyesha kama kioo, baada ya umande kukauka na kabla kusi haijaanza kurusha vumbi. Klia ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu mwingi inapauka.

Jua la saa nane ukisimama ubavuni unaona mlango huo umeng'aa kuliko mwenzake wa mbele, maana rangi ya zamani imefifia. Mimi hainisumbui. Kila Jumamosi nauosha kwa maji ya bomba, nachokonoa matundu yote kwa njiti ya chelewa, milango minne. Mvua za mwaka huu zimepita, nikafumba macho na kupapasa pale chini kwa kitambaa. Hakuna kipele.