Saa Kumi na Mbili ya Sarajevo

Jioni ile ya Juni simu yangu ilisema saa mbili na nusu usiku, na jua ndiyo kwanza linazama nyuma ya milima. Nilikuwa Baščaršija, soko kongwe la Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina. Nikainua macho kwenye mnara wa saa ulio kando ya msikiti wa Gazi Husrev-beg: mishale ilikuwa inakaribia kumi na mbili.

Nikaganda pale pale. Saa ile huhesabu kama tunavyohesabu sisi wasema Kiswahili, jioni ikifungwa na kumi na mbili. Tena yao ni kali kuliko yetu, maana magharibi ya huko huhamahama: Juni huchelewa, Desemba huwahi. Kwa hiyo lazima mtu apande mnarani kuirekebisha. Mtu huyo wanamwita muvekkit, na ukilisikiliza jina vizuri utaisikia "wakati" yetu ndani yake. Mashine yenyewe ililetwa kutoka London miaka ya 1870, mwisho mwisho wa utawala wa Waosmani; mwaka 1878 Austria-Hungaria ikautwaa mji.

Chumba cha muvekkit kimo kwenye ua wa msikiti, juu ya ardhi ya wakfu. Mji mzima umeota juu ya neno hilo. Wao husema vakuf. Isa-beg Ishaković, gavana wa Kiosmani aliyeuanzisha mji huu, alipoandikisha wakfu wake mwaka 1462, ndani yake mlikuwa na daraja la mto Miljacka, nyumba ya wasafiri, hamamu na maduka. Watu wakaja, mitaa ikazaliwa, nayo ikaitwa mahala!

Gazi Husrev-beg, gavana wa baadaye ambaye mama yake alikuwa binti wa Sultani Bayezid II, alijenga madrasa mwaka 1537. Katika hati yake aliagiza kwamba pesa itakayobaki baada ya ujenzi inunuliwe vitabu vizuri. Nimeurudia mstari huo mara nyingi. Ndipo ilipoanzia maktaba ambayo ipo hadi leo. Jeshi la Eugene wa Savoy, jemadari wa Austria, liliuchoma mji mwaka 1697. Na mji ulipozingirwa katika vita vya Bosnia kuanzia mwaka 1992, wafanyakazi wa maktaba waliyabeba maandiko ya mkono kutoka jengo hadi jengo, mabomu yakianguka, wakayaokoa.

Nilipotazama juu tena, mishale ilikuwa kumi na mbili kamili. Adhana ya magharibi ikaanza.